Jinsi ya kutafuta barafu iliyojificha ardhini na kuichora kwenye ramani: mfano wa Alaska

Watu wengi wakisikia pamafrosti wanadhani chini kote ni barafu tupu, hapana. Pamafrosti ni ardhi yoyote ambayo joto lake halijapanda juu ya nyuzi 0 kwa miaka miwili mfululizo au zaidi, basi, iwe mwamba mkavu usio na tone la maji au tope ambalo zaidi ya nusu yake ni barafu. Mwamba ukipata joto hautikisiki, ila lile tope likiyeyuka nyumba inakaa upande na barabara inabonyea. Bomba la mafuta la Alaska lililokamilika 1977 lina urefu wa km 1,287 na zaidi ya nusu yake limenyanyuliwa kwenye nguzo, kwa sababu mafuta yanapita ya moto na huko chini kuna barafu.

Kwa hiyo unachokitafuta ni barafu ya ziada, yaani ile ambayo ikiyeyuka maji yake hayana pa kukaa katikati ya chembe za udongo, yanatoka na ardhi inashuka. Kiasi chake ndo namba anayoihitaji mtu anayejenga.

Anza mezani kabla hujabeba mzigo. Fungua picha za satelaiti za eneo lako kwenye QGIS, programu ya kuchora ramani, weka na ArcticDEM, ramani ya miinuko ambayo ni ya bure na inaonyesha miinuko kwa kila mita 2, afu tafuta maumbo ya pembenyingi, kila umbo lina upana wa mita 10 mpaka 30 hivi. Pale kwenye mistari kati ya umbo na umbo kuna kabari za barafu: baridi kali ya kipupwe inapasua ardhi, masika maji ya theluji yanaingia kwenye ufa yanaganda, mwaka mwingine inapasuka palepale, na hivo hivo kwa maelfu ya miaka mpaka kabari inafika upana wa mita kadhaa. Ukiona vidimbwi vimejipanga kwenye hiyo mistari ujue kabari zimeshaanza kuyeyuka. Ila usipoona maumbo yoyote usiandike "hakuna barafu", maana msituni karibu na mji wa Fairbanks, katikati ya Alaska, kabari kubwa za zamani zimefunikwa na udongo na miti na juu huoni kitu. Ukipata nafasi ya kuingia kwenye handaki la utafiti la Fox, karibu na mji huohuo, lililochimbwa na jeshi la Marekani miaka ya 1960, ingia, utaziona kabari ukutani pamoja na mifupa ya wanyama wa zama za barafu, na hutaiangalia tena ardhi kama zamani.

Omba ruhusa mapema, ardhi nyingi kuzunguka vijiji ni ya mashirika ya wenyeji, na wazee wa vijiji wanajua wapi pameshuka na tangu lini, waulize kwa heshima na uandike.

Uwanjani kifaa cha kwanza ni nondo nyembamba yenye alama za sentimita. Mwisho wa Agosti au mwanzo wa Septemba, tabaka la juu, lile linaloyeyuka kila kiangazi, linapokuwa limeyeyuka mpaka mwisho wake, unaichomeka mpaka igonge ardhi ngumu, unasoma kina, unasogea. Penye mawe nondo inadanganya, itagonga jiwe na wewe utaandika barafu, kwa hiyo chomeka mara mbili tatu palepale.

Afu drili. Wengi wanapenda Aprili kwa sababu juu bado pameganda, shimo haliingii maji na unapita na pikipiki ya theluji bila kuharibu majani. Unatumia drili ya bomba tupu inayokutolea silinda ya udongo ulioganda, kila kipande kisafishe kwa kisu, weka rula pembeni, piga picha, andika kina na jinsi barafu ilivyokaa: imejificha kwenye vinyweleo vya udongo, imekaa kama nyuzi za mlalo, au udongo ndo unaelea vipande vipande ndani ya barafu. Angalia kwa makini sana chini kidogo tu ya mwisho wa tabaka linaloyeyuka, hapo barafu hujaa mno na ndipo joto litafika kwanza.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Kipande kiweke kwenye jagi lenye alama, kifunike, kiache kiyeyuke na udongo utulie chini. Tuseme udongo uliolowa umesimama kwenye ml 400 na juu yake kuna maji safi ml 550. Maji yakiganda yanaongezeka kama asilimia 9, kwa hiyo zidisha 550 kwa 1.09 unapata kama 600, gawanya hiyo 600 kwa jumla yake na ule udongo (600 + 400 = 1,000), jibu ni asilimia 60. Maana yake mita 1 ya ardhi ya aina hiyo ikiyeyuka yote inashuka sm 60!

Sasa hapa ndo ramani nyingi zinaharibika: watu wanatoboa katikati ya umbo kwa sababu ni tambarare, kabari wanazikosa zote. Piga hesabu, maumbo ya mita 15 kwa 15 yenye kabari za mita 2 juu zinazochongoka kwenda chini, hizo kabari peke yake ni kama asilimia 13 ya ardhi mpaka kina zinapoishia, na mashimo yako yatasema sifuri. Toboa katikati na toboa kwenye mfereji, yaani ule mstari kati ya umbo na umbo.

Kati ya shimo na shimo tumia kifaa cha kupima jinsi ardhi inavyozuia umeme, au rada ya kupenya ardhini. Barafu inazuia umeme sana, ila changarawe kavu nayo inazuia, na kule pwani udongo wenye chumvi unapitisha umeme hata ukiwa umeganda, kwa hiyo usisome rangi za picha inayotoka kwenye hicho kipimo bila shimo la kuthibitisha. Rada ivute juu ya theluji, ila kwenye mfinyanzi haifiki mbali.

Kwenye ramani usiunganishe tu namba za mashimo kwa kompyuta. Gawa eneo kwa aina ya ardhi, bonde la mto, mteremko wa tope, ziwa lililokauka, afu kila kipande kipe asilimia ya barafu, idadi ya mashimo na kiwango cha uhakika, na kisicho na shimo kichore kwa mistari ya kukatika. Ramani maarufu ya Aktiki nzima ya 1997 ni ya kipimo cha 1:10,000,000, nzuri kwa kujua bara, usimruhusu mtu aweke msingi wa shule kwa kuitegemea.