Jinsi ya kurekodi wazee wetu wakisimulia siku Moi aliachia kiti

Kama kwenu kuna mtu alikuwa mtu mzima Disemba 2002, una kazi ya kufanya na tafadhali usiiweke mpaka krismasi ijayo. Watu waliokuwa Uhuru Park, Nairobi, ile tarehe 30 Rais Moi akimpisha Kibaki wanazeeka, wengine tumeshawazika, na kitu tunabaki nacho ni picha zilezile za gazeti na ile sentensi kila mtu anarudia, eti "watu walifurahi sana". Walifurahi, ndio. Lakini nimeshakaa na watu kumi na mmoja nikiwarekodi na hakuna wawili walifurahia kitu kimoja, kuna wengine walilia, na kuna wale walicheza huko barabarani halafu wakarudi nyumba wakafunga mlango wakaongea kwa sauti ya chini kama kawaida juu hawakuwa wanaamini bado. Hizo ndio tunataka kushika.

Kwanza jipange na tarehe, uandike kwa karatasi ndogo uweke mfukoni. Moi aliingia Agosti 1978 Mzee Kenyatta alipofariki, akakaa miaka 24. 1982 Kenya ikafanywa ya chama kimoja kisheria na tarehe 1 Agosti mwaka huohuo wanajeshi wa anga wakajaribu kumpindua. 1988 ilikuwa kura ya mlolongo, watu wanapanga laini nyuma ya mgombea wanahesabiwa kichwa mchana kweupe. Saba Saba, yale maandamano ya kudai vyama vingi, ni 1990. Kifungu cha 2A, kile cha katiba kilichoruhusu chama kimoja tu, kikatolewa Disemba 1991, halafu 1992 na 1997 akashinda tena. 2002 katiba haikumruhusu kugombea, akamchagua Uhuru Kenyatta, kina Raila wakatoka KANU, chama cha Moi, wakaungana na upinzani ikawa muungano wa NARC, kura ikapigwa 27 Disemba na Kibaki akashinda na karibu asilimia 62. Siku tatu baadaye akaapishwa. Hizi tarehe si za kumsahihisha mzee! Akichanganya 1992 na 2002 mwache aendelee, wewe karatasi ni ya kukuonyesha ako wapi kwa hadithi ndio ujue uulize nini baadaye.

Na chunga neno unatumia. Tanzania walikuwa na "kung'atuka" tangu Nyerere aondoke 1985, neno lenye heshima. Sisi hatukuwa nalo, juu hatukuwa tumeona rais akitoka akiwa hai. Kwa hivyo kuna mzee atasema Moi "alistaafu", mwingine "alitoka", mwingine "tulimtoa", na mama mmoja aliniambia "alituachilia". Tumia neno lake kwa maswali yote yanayofuata, usimletee lako, manake hilo neno peke yake limeshakuambia nusu ya maneno yake.

Mambo ya simu ni rahisi lakini watu huharibu hapa. Weka ile alama ya ndege isiingie simu, zima TV, omba kwa adabu redio izimwe pia. Simu ikae juu ya leso au sweta iliyokunjwa, si juu ya meza tupu, juu kila kikombe kikiwekwa mezani kinasikika kama mlango umebamizwa. Iwe karibu na kifua chake kuliko chako. Jaribu dakika moja mrudi msikize pamoja, wazee hupenda hiyo, wakisikia sauti yao wanacheka na ile woga inaisha. Na kabla hata ubonyeze, mwambie ni ya nini, nani atasikiza, na umuulize kama jina lake litajwe ama lisitajwe. Hii si mchezo. Kuna watu walikaa miaka ishirini wakiamini kuta zina masikio, na ukiweka simu katikati ya meza bila kueleza umewarudisha huko.

Sasa swali. Usiulize "ulijisikia aje?" Utapata ile sentensi. Uliza alifanya nini na mikono yake. Ulikuwa umesimama wapi, ulikuwa umevaa nini, nani alikuletea habari, redio ilikuwa ya nani, mlikula nini jioni. Mimi swali langu la kufungua ni moja na halijawahi kuniangusha: picha ya Moi ilikuwa imewekwa wapi?

Mnakumbuka kila duka, kila ofisi, kila hoteli ilikuwa na ile picha. Shangazi yangu alikuwa na duka Nakuru, na hadithi yote aliyonipa ilitoka hapo. Nilimuuliza, "Shangazi, picha ilikuwa wapi hapa dukani?" Akaonyesha na kidevu, juu ya mahali mizani ilikuwa. Halafu akaanza. Kwamba ile 30 Disemba alikuwa anasikiza redio akipima sukari, na akasikia kelele za watu nyuma ya yule mtangazaji, kelele hakuwahi kusikia redioni mahali rais ako. Akaacha mteja amesimama. Akapanda stuli akatoa picha, na hakuichoma, hakuivunja, aliipanguza vumbi na kitambaa, akaifunga na gazeti akaiweka chini ya kitanda. Nikamuuliza kwa nini ukaipanguza kama unaitoa? Akanyamaza. Hiyo kimya iko kwa rekodi, sekunde kumi na nne. Akasema, "Na kama angerudi?" Halafu akaniambia ukutani kulibaki mraba wa rangi safi na msumari, na watu wakiingia dukani walikuwa wanaangalia ule msumari kwanza kabla waseme wanataka nini, wengine wanatabasamu bila kusema kitu.

Ona, hapo hakuna mahali alisema alifurahi ama aliogopa. Lakini yote iko.

Kwa hivyo akinyamaza, usijaze. Hesabu kumi kichwani. Ni ngumu sana mara ya kwanza, utataka kusema "mmh" ama kuuliza kingine, jizuie.

Ukipata mtu aliyekuwa Uhuru Park mwenyewe, tulia naye, usikimbilie jukwaani. Anza asubuhi: alitoka wapi, alitembea ama alipata matatu, aliingilia upande gani wa park, alipanda mti? Wengi walipanda. Kibaki alifika kwa kiti cha magurudumu mguu umefungwa plasta, alikuwa ameumia kwa ajali ya gari mapema mwezi huo, na Moi akaketi pale mbele ya umati akisikia Kibaki akisema anarithi nchi iliyoharibiwa na uongozi mbaya. Hiyo iko kwa rekodi za serikali. Kile hakiko ni mtu alikuwa amebeba nini mkononi. Kuna matope yalirushiwa msafara wa Moi siku hiyo, na uliza kwa upole sana kuhusu hayo, juu nimepata mmoja anasema alirusha na anajivunia, na mwingine alikuwa kando ya aliyerusha na mpaka leo anaona aibu, anasema "yule alikuwa mzee wa watu, hata kama". Rekodi wote wawili. Usichague.

Halafu muombe aimbe. Umati uliimba "yote yawezekana bila Moi", kwa sauti ya pambio la kanisani ambalo kila mtu alikuwa analijua tayari. Mzee akiisema tu ni maneno. Akiimba, sauti inabadilika, inakuwa ya mtu wa miaka thelathini, na wale wako jikoni watatoka waimbe naye. Nakuambia iwache simu iendelee.

Kitu kinaniuma ni hizi kumbukumbu huchukuliwa upande mmoja tu. Tafadhali nenda pia kwa yule aliyelia. Nenda Baringo kwao Moi, nenda kwa chifu mstaafu, nenda kwa mwalimu aliyekuwa anagawa maziwa ya Nyayo, zile pakiti za pembe tatu, na watoto walikuja shule juu ya hiyo maziwa. Wengine waliona kijana wao wa nyumbani anatupiwa matope kwa TV. Wengine waliogopa ukabila utawageukia. Huyu usimwendee na kesi. Muulize maswali yaleyale: picha ilikuwa wapi, ulikuwa umesimama wapi, ulifanya nini jioni.

Na kwa yule aliyepitia Nyayo House, lile jengo la serikali Nairobi watu waliteswa chini yake, ama alifungwa bila kesi, hapo rekoda si muhimu kuliko yeye. Usiulize walimfanya nini huko chini. Uliza siku ya 30 Disemba alikuwa wapi. Akitaka kushuka huko mwenyewe atashuka, na akisema basi, zima mbele yake aone umezima, mnywe chai muongee mambo ya mvua. Baba mmoja aliniambia siku hiyo hakutoka nyumba kabisa, majirani wanamgongea twende town, akakataa, alikaa kwa kiti akiangalia viatu vyake mpaka jioni. Hiyo tu ndio alinipa, na sikuomba zaidi.

Usisahau kuuliza Januari. Watu huishia Uhuru Park kumbe utamu uko hapo mbele, wakati abiria wa matatu walikuwa wanawakatalia polisi kitu kidogo, wanashuka wote kwa gari wanamwambia polisi arudishe ile pesa. Shule za msingi zikawa bure na watoto wakajaa mpaka nje ya darasa. Uliza pia hiyo hali iliisha lini kwake, mwezi gani, kwa sababu ya nini. Kila mtu ako na siku yake.

Kuna mtego mmoja. Moi alifariki Februari 2020, watu wakapanga foleni ndefu bungeni kumuona, na hayo mazishi yamepaka rangi kumbukumbu za 2002. Kwa hivyo tenganisha: "2002 ulisema nini? Na 2020 ulisema nini?" Mtu anaweza kuwa aliimba bila Moi na baadaye akapanga foleni kumuaga, na akikueleza vile alitoka hapo mpaka hapo umepata kitu cha dhahabu. Vidio za watu wakicheza Harare Mugabe alipojiuzulu Novemba 2017 zinasaidia kumwamsha mzee aliyechoka, lakini mwonyeshe mwisho, si mwanzo, la sivyo atakusimulia Harare.

Ukimaliza, siku hiyohiyo, ipe faili jina: mahali, tarehe, na herufi kama hataki jina. Jitumie kwa imeili, mpe mtoto wake nakala. Mimi nilipoteza mahojiano mawili simu ilipoibiwa na mmoja wao ameshafariki, siwezi kurudi.

Swali la mwisho kabisa kabla usimame: "Nani mwingine mlikuwa naye siku hiyo?" Shangazi aliniambia ni yule mteja aliyemwacha amesimama akipimiwa sukari. Ako Naivasha siku hizi, anachoma mkaa. Nimeshampigia, naenda Jumamosi.