Okidi inaoza? Namna ya kuitibu na kuitunza, kwa sisi wa Kigoma

Okidi nyingi ninazoletewa hapa Gungu ni za aina moja: majani mapana, manene, yaliyolala pande mbili, na bua refu la maua meupe au ya zambarau. Jina lake ni Phalaenopsis. Huja na basi au treni kutoka Dar, zawadi ya harusi au ya mtoto kuhitimu, na ikifika Januari wenyewe wananijia na chungu mkononi wakiuliza dawa.

Dawa ipo, nitaifikia. Lakini kwanza jua mmea huu umetoka wapi. Phalaenopsis ni ya misitu ya Asia, kama ya Ufilipino na Indonesia, na haioti ardhini. Hujishika kwenye gome la mti, mizizi ikining'inia hewani. Mvua inanyesha, mizizi inalowa chepechepe, kisha baada ya saa chache imekauka. Ukiuweka kwenye kitu kinachobaki na maji siku tano, mizizi inakosa hewa, inakufa, na fangasi wanakuja kula maiti. Kwa hiyo karibu kila hatua iliyo hapa chini ni ya kurudisha hewa. Dawa ni nyongeza tu.

Hatua ya 1: Jua panapooza

Kuoza kuna mahali patatu, na kila pahali pana haraka yake.

Mizizi. Huku ndiko kunakodanganya watu. Majani yanalegea na kukunjamana, mwenye mmea anadhani una kiu, anaongeza maji. Mama mmoja wa Mwanga aliniambia, "Kaka, nalimwagilia kila asubuhi na bado linanyauka." Nikaingiza kidole chunguni: tope. Mzizi uliooza hauwezi kunyonya, hata ukikaa ndani ya maji mmea unakufa kwa kiu. Majani yaliyolegea na chungu kikavu, hiyo ni kiu. Majani yaliyolegea na chungu kilicholowa, hiyo ni mizizi iliyooza.

Moyo. Ni pale katikati majani mapya yanapotokea. Maji yakituama humo usiku, jani changa linageuka njano au kahawia, na ukilivuta kidogo linatoka lenyewe. Hapa hakuna kungoja kesho. Phalaenopsis ina kikonyo kimoja tu cha kukulia, kikioza mmea hauendelei juu tena. Mara chache hutoa chipukizi ubavuni, lakini usilitegemee.

Jani. Doa lenye majimaji, laini, linalopanuka kati ya asubuhi na jioni na kutoa uvundo, hilo ni la bakteria. Weusi unaoanzia shinani na kupanda juu, pembeni ukiwa na mstari wa njano, mara nyingi ni Phytophthora au Pythium, jamii ya vimelea wanaopenda maji kuliko kitu chochote. Doa kavu linalokwenda polepole kwa wiki kadhaa huwa la fangasi wa kawaida, halitishi sana. Na jani la chini kabisa likigeuka njano taratibu na kudondoka, huo ni uzee. Liache.

Hatua ya 2: Itenge, itoe chunguni

Iweke mbali na mimea mingine, maana maji yakiruka kutoka kwenye jani bovu yanabeba ugonjwa. Sitisha kumwagilia. Kisha bonyeza chungu pande zote, itoe okidi taratibu, uondoe kila kilichoizunguka.

Ukifika katikati, chini ya shina, chunguza vizuri. Okidi nyingi za dukani hupandwa zikiwa na kibonge cha kuvumwani mkavu (vimea laini vinavyonyonya maji kama sponji) kilichoshindiliwa humo. Juu kinaonekana kikavu, ndani kimelowa wiki nzima. Ng'oa chote, hata kama okidi haijaanza kuumwa.

Osha mizizi kwa maji, halafu uibonyeze mmoja mmoja kwa vidole. Mzima ni mgumu, una rangi ya fedha ukiwa mkavu na kijani ukilowa. Uliooza ni mlaini, wa kahawia, na ganda lake la nje likivutwa linachomoka lote na kuacha uzi mwembamba, kama waya wa umeme uliovuliwa plastiki. Usihukumu kwa rangi peke yake. Mzizi uliokaa gizani ndani ya chungu unaweza kuwa wa manjano na bado ukawa mgumu, huo uache.

Hatua ya 3: Kata

Tumia mkasi mkali au wembe mpya. Upitishe kwenye moto, au uloweke dakika kumi ndani ya jiki, sehemu moja ya jiki kwa tisa za maji, kisha suuza. Rudia kila unapohamia mmea mwingine. Okidi zina virusi vinavyosafiri kwa utomvu unaobaki kwenye makali, na virusi havina dawa.

Kata mizizi yote mibovu. Kwenye jani, usikate pale doa linapoishia: ingia sentimita moja au mbili kwenye sehemu nzima, maana ugonjwa unatangulia mbele ya rangi unayoiona. Kwenye shina, kata vipande vyembamba ukielekea juu mpaka ufike kwenye nyama nyeupe au ya kijani isiyo na alama. Ukiona pete ya zambarau au ya waridi ndani ya shina, hiyo ni dalili ya fangasi aitwaye Fusarium, na hapo mimi sijisumbui, natupa. Wakulima wa vanila wa Bukoba wanamjua adui huyo. Vanila nayo ni okidi, na Fusarium ndiye anayeozesha mizizi yake.

Kama mmea una maua, kata bua. Najua inauma. Lakini mmea usio na mizizi ukilisha maua unajimaliza, na bua ukilitia kwenye glasi ya maji mezani bado utalifaidi siku kadhaa.

Hatua ya 4: Dawa, na mipaka yake

Unga wa mdalasini wa jikoni unakausha kidonda na kuzuia fangasi. Paka kwenye alama ya kukata tu. Ukiumwaga juu ya mizizi mizima utaikausha nayo, na nimeona okidi zilizopona kuoza zikafa kwa mdalasini.

Kama kuoza kulikuwa kwa mizizi mingi au weusi wa kupanda shinani, nenda duka la pembejeo uulize dawa ya ukungu yenye mankozebu na metalaksili pamoja. Ni ile ile wakulima wa nyanya na viazi wanayopigia ugonjwa wa bakajani chelewa, na metalaksili ndiyo hasa inayowashika Phytophthora na Pythium. Changanya kwa kipimo cha kwenye pakiti, usizidishe. Vaa glavu, fanyia nje, na usiihifadhi kwenye chupa ya soda ambako mtoto anaweza kuikuta.

Dawa hiyo haifanyi kitu kwa bakteria. Kwa doa la majimaji, tiba ni kisu, kukausha na upepo. Dawa ya kopa (shaba) husaidia kuzuia lisienee, ila usiipige kwenye maua, wala kwenye okidi za jamii ya Dendrobium, inaziunguza.

Moyo ukianza kuoza, inamisha mmea maji yote yatoke, nyonya yaliyobaki kwa kona ya tishu, kisha dondoshea matone machache ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kutoka duka la dawa. Itatoa povu. Likitulia, futa pakauke kabisa. Usiimwage kwenye mizizi, inaunguza ncha changa.

Halafu mmea ulaze kivulini penye hewa, mizizi ikiwa wazi, usiku mzima mpaka kesho yake. Vidonda vifunge kwanza. Watu wengi huharakisha hapa.

Hatua ya 5: Panda upya kwenye mkaa

Hapa Kigoma tuna bahati: mkaa wa miti ya miombo ni mgumu, hauozi, na uko kila kona. Vunja vipande vya ukubwa wa kidole gumba, pepeta chenga zote, osha mpaka maji yatoke safi. Usichukue masalia ya jikoni, majivu yake yana magadi. Unaweza kuchanganya na vipande vya tofali la kuchoma, au makumbi ya nazi yaliyolowekwa na kubadilishiwa maji mara kadhaa ili chumvi itoke. Watu huniuliza pia kuhusu maganda ya mise, kwa kuwa michikichi imetujaa. Mimi siyatumii, yakibaki na mafuta huvuta sisimizi. Udongo, hata ule mweusi mzuri wa bustani, hapana kabisa.

Chungu kiwe kidogo, cha kutosha mizizi iliyobaki, hata kama majani yanakizidi. Kikubwa kinashika maji mengi. Mimi napenda kopo la plastiki linaloonyesha ndani, nililotoboa chini na ubavuni kwa msumari wa moto, kwa sababu naona mizizi bila kuifukua. Vyungu vya mapambo visivyo na tundu vipandie maua ya plastiki.

Weka shina juu ya mkaa, lisizame. Mmea ukiyumba, ufunge kwenye kijiti, maana mizizi mipya huvunjika ncha mmea ukitikisika.

Na kama haukubaki mzizi hata mmoja? Kata dumu la maji ya kunywa la lita 5, lile jeupe la kuona ndani, weka chini mkaa uliolowa, ulaze mmea juu yake bila shina kugusa maji, rudishia kifuniko cha juu ukiwa umekiacha wazi kidogo. Weka kivulini. Unyevu wa humo unazuia majani kukauka wakati mmea unatafuta mizizi. Huchukua wiki kadhaa, pengine miezi. Fungua kila siku kidogo hewa ibadilike.

Hatua ya 6: Maji, na hasa maji ya ziwa

Siku chache za kwanza usimwagilie. Baadaye angalia mizizi: ikiwa ya kijani, ngoja, ikiwa ya fedha yote, mwagilia mpaka maji yatiririke chini, asubuhi, ili jua likizama moyo uwe mkavu. Usiache maji kwenye sahani. Ratiba ya kila Jumatatu na Ijumaa haina maana kwetu: Februari okidi inaweza kukaa wiki nzima bila kuhitaji tone, Agosti hiyo hiyo ikataka maji kila baada ya siku mbili. Ndugu zetu wa Tabora, kwa ukavu wa hewa yao mwezi wa tisa, watahitaji zaidi.

Bomba letu linatoa maji ya Tanganyika, na ziwa hili lina magadi: pH yake, yaani kipimo cha uchachu na magadi, inakaribia 9, na lina magnesi na chumvi nyingine nyingi. Kwa kupikia dagaa hakuna neno. Kwa okidi, inayopenda maji yenye uchachu kidogo, chumvi inajikusanya. Utaona ukoko mweupe kwenye mkaa na kwenye midomo ya chungu, kisha ncha za mizizi zinakuwa nyeusi. Ncha ikifa, kuoza kunaingilia hapo. Kinga maji ya mvua kutoka kwenye bati, acha mvua za kwanza zioshe vumbi, jaza madumu kati ya Novemba na Aprili uyafunike mbu wasizalie. Yakiisha kiangazi tumia ya bomba, lakini kila mwezi bakiza ya mvua ya kusafishia chungu kwa kuyapitisha mengi kwa mara moja.

Mbolea usimpe mgonjwa. Mzizi mpya wenye ncha ya kijani ukishafika urefu wa kidole, anza na NPK ya kuyeyuka kwenye maji, robo ya kipimo cha kwenye pakiti.

Hatua ya 7: Mahali pa kukaa

Nyumba nyingi zetu zimeelekea ziwani, yaani magharibi, na jua la saa tisa alasiri linaunguza jani mpaka liwe jeupe, kisha jeupe linaoza. Baraza ya mashariki ni bora. Kama huna, weka pazia jepesi. Masika, chungu kisikae chini ya mchirizi wa bati: tone moja linaloangukia moyo usiku kucha linatosha kuuozesha. Acha nafasi ya kiganja kati ya chungu na chungu, upepo upite. Ukiwa na feni, iwashe siku za mvua zisizo na upepo, isiipulize okidi moja kwa moja.

Kuhusu okidi za porini

Zipo kwetu. Ansellia africana, yenye maua ya njano yenye madoa ya kahawia kama ngozi ya chui, hukaa juu ya miti ya miombo na mizizi yake mingine husimama kuelekea juu kunasa majani yanayodondoka. Ukiiona kwenye mti uliokatwa kwa ajili ya mkaa utatamani kuibeba. Kwenye misitu ya hifadhi hairuhusiwi bila kibali, na okidi zote zimo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, kwa hiyo kuivusha kwenda Burundi au Kongo pia kunahitaji kibali. Ukiipata kihalali, usiitunze kama Phalaenopsis. Ifunge kwenye gogo au kikapu cha mkaa, ipe jua zaidi, na kuanzia Juni punguza maji mpaka mvua zirudi. Chipukizi lake jipya likianza, hakikisha maji hayatuami ndani ya majani yaliyokunjana, kwa kuwa hapo ndipo linapogeuka jeusi, na likigeuka unarudi hatua ya 3.