Mwanangu unataka jimbo? Anzia nyumbani na chuoni

Umeniuliza vipi mtoto wa kike wa Pemba atapanda hadi uongozi wa taifa na watu wanasema dini imekataza. Mimi nasomesha chuoni, yaani madrasa ya Qur'ani, hapa Wete na nimefuatana na wagombea wanawake nyumba kwa nyumba. Usiikimbie dini wala mila, mwanangu. Pita humo humo.

Kabla hujachukua fomu ya kugombea, malizana na wa nyumbani. Mumeo asikie kwako, asije kuyasikia kwenye baraza ya kahawa. Akisita, mtume ami au mjomba anayemheshimu. Wako wanawake walioachwa kwa sababu ya kugombea, na hiyo ni dhulma.

Kisha utasomewa Hadithi ya Sahihi Bukhari, kwamba hawatafaulu watu waliompa mwanamke mambo yao. Usiikane, wala usimvunjie heshima anayeisoma. Mwambie ilisemwa ilipokuja habari ya Waajemi kumtawalisha binti wa Kisra, mfalme wao, na wanavyuoni wamehitilafiana upana wa hukumu yake. Halafu soma Suratun-Naml kuanzia aya ya 29. Malkia wa Sabaa amepata barua ya Nabii Suleiman, anawaita wakubwa wake na kuwaambia hakati shauri bila wao kuwapo. Wao wanataja nguvu zao za vita. Yeye anakumbuka wafalme wanavyouharibu mji wanapouingia, anatanguliza zawadi. Kinacholaumiwa katika sura hiyo ni kulisujudia jua. Utawala wake haukulaumiwa. Isome kwa tajwidi na uijue tafsiri yake, maana msomaji mzuri husikilizwa hata na wasiomtaka.

Mikutano yako iwe baina ya alasiri na magharibi. Na bamvua likiingia, maji yanapokupwa mbali, shuka pwani kwa wakulima wa mwani. Mkutanoni wanawake hao hukaa nyuma kimya, lakini wakifunga mwani kwenye kamba watakwambia habari ya bei, ya maji na ya skuli za watoto wao.

Viti maalumu, vile vya wanawake visivyo vya jimbo, usividharau. Katiba ya Zanzibar inavitaka viwe asilimia 40 ya idadi ya majimbo. Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa Makunduchi, aliingia Baraza la Wawakilishi la Zanzibar kwa njia hiyo mwaka 2000. Mwaka 2010 akagombea jimbo la kwao, akenda Bunge la Muungano. 2015 akawa Makamu wa Rais na Machi 2021 Rais, mtandio wake kichwani. Ukipata kiti hicho, tangu mwaka wa kwanza anza kulitembelea jimbo unalolitaka, wazee wakuzoee kabla ya kura za maoni za kumteua mgombea ndani ya chama.