Ofisi ikigawanyika kwa sababu ya akili mnemba

Nasimamia ofisi ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam, watu 11. Mwaka jana tuligombana vibaya. Bosi alirudi semina akaagiza nyaraka zote zipitie akili mnemba. Vijana wakashangilia (walishaanza kuitumia kimyakimya kwenye simu). Mzee wetu anayejaza matamko ya forodha, miaka 26 kazini, akanuna wiki nzima.

Kama kwako kuko hivyo, usianze na kikao. Kikaoni kila mtu hutetea heshima yake. Zungumza na mmoja mmoja, chai iwepo. Mzee aliniambia, "Mwanangu, mashine siiogopi. Naogopa nimfundishe huyu kijana, halafu niambiwe nikapumzike." Ikabidi bosi aandike barua kwamba hakuna atakayeondolewa kwa sababu hiyo. Bila barua ile, mengine yote yangekuwa kelele.

Kisha jaribuni kwa mafaili yaliyofungwa. Tulichukua 20, mizigo ilishatoka zamani, tukaipa mashine maelezo ya bidhaa itafute namba ya HS (namba ya kimataifa ya aina ya bidhaa, ndiyo inayoamua ushuru). Mara kadhaa ilileta tarakimu 10, za Marekani. Jedwali la ushuru la Afrika Mashariki lina tarakimu 8. Mzee alicheka mpaka miwani ikadondoka. Lakini si mchezo: ukikosea namba, bidhaa ya ushuru wa asilimia 10 inaweza kuangukia kwenye 35. Ila kwenye barua pepe za Kiingereza kwa wauzaji wa Guangzhou, China, mashine ilitushinda sote, na mzee alikiri.

Mipaka ikajichora yenyewe. Barua, ruksa. Namba ya HS, mashine ipendekeze, mzee aamue na asaini. Ankara na namba za mlipakodi (TIN) za wateja, marufuku kuzibandika humo. Hapo vijana walibisha. Nikawatajia Samsung, iliyowazuia wafanyakazi wake kutumia akili mnemba za aina hii mwaka 2023 baada ya wahandisi kubandika msimbo wa programu za kampuni kwenye ChatGPT, na Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Ukikataza, fungua na njia halali: tulilipia akaunti ya ofisi, la sivyo wangekuwa wanajifungia chooni na simu zao.

Masharti ayaandike aliyepinga zaidi. Yetu yako ukutani juu ya birika, kwa mwandiko wa mzee, na kijana akisahau, mzee humwonyesha kwa kijiko.