Jinsi ya kufanya hela ya chakula ifike mwisho wa mwezi: anza kuhesabu kilo kwanza

Miaka mitatu nyuma hela ya chakula kwangu ilikuwa inaisha tarehe 19 au 20, kila mwezi, na mimi nilikuwa naamini kabisa tatizo ni bei za vitu, basi. Siku moja baba watoto akaniuliza, tena kwa upole tu, "mama, hivi sisi kwa mwezi tunakula mchele kilo ngapi?" Nikakosa jibu. Nilikuwa najua mchele ni shilingi ngapi dukani kwa mangi, najua sukari imepanda lini, lakini nyumba yangu mwenyewe inakula kiasi gani sikuwa najua. Pale ndo nikaanza upya na hii njia nayoandika hapa ndo imenitoa.

Kwangu tupo sita, mimi na baba watoto, watoto watatu na mdogo wangu anayesoma chuo, tunaishi Kimara, Dar es Salaam. Hela ya chakula pamoja na gesi ni 450,000 kwa mwezi. Sabuni, pampasi, umeme, ada, hivyo vina fungu lake sivichanganyi humu, na naomba na wewe usivichanganye maana ukichanganya hutajua kamwe kipi kinakula hela.

Sasa kitu cha kwanza, wiki mbili nzima pika kama unavyopika siku zote ila pima. Huhitaji mzani wa nyumbani. Chukua kikombe au kopo unalopimia mchele kila siku, nenda nalo dukani kwa mangi mwombe akupimie likijaa mchele linatoa gramu ngapi, likijaa unga ngapi, maharage ngapi, sukari ngapi (usidhani ni sawa, unga na mchele kopo hilohilo uzito tofauti). Andika kwenye karatasi bandika ukutani jikoni. Kuanzia hapo kila anayepika anaweka alama, leo makopo matatu ya mchele, kesho mawili na nusu ya unga. Hata dada wa kazi kama unaye mweleze vizuri kwa heshima kwamba hapimwi yeye, kinapimwa chakula, maana wengine wanahisi wanashukiwa wizi halafu wanaanza kupika kidogo watoto wanabaki na njaa.

Baada ya wiki mbili zidisha mara mbili, ongeza ya siku mbili, umepata mwezi. Mimi nilipata hivi: wali tunapika kama mara 18 na kila tukipika ni kilo moja, kwahiyo mchele kilo 18. Unga wa ugali pamoja na uji kilo 25. Maharage kilo 6. Sukari kilo 6, hii ilinishtua, ni gramu 200 kila siku na chai yenyewe naona ya kawaida tu. Mafuta lita 5. Ngano kilo 4. Ukishakuwa na hizi namba ndo unaenda kwenye bei, na mimi mwezi uliopita nilinunua mchele kwa 2,800 kilo ikawa 50,400, mfuko wa sembe wa kilo 25 nikachukua mashineni kwa 35,000, maharage 18,000, sukari 18,000, mafuta 28,000, ngano 8,000, chumvi na majani ya chai na viungo 5,600. Jumla 163,000. Weka gesi ya mtungi wa kilo 15 nilijaza kwa 58,000, inakuwa 221,000. Bei za kwenu zitakuwa nyingine lakini hesabu inaenda hivyohivyo.

Hivi vyote vinunue siku moja, hela ikiingia tu, kabla hujalipa kingine. Sababu ni kwamba dukani ukinunua kwa robo unalipa zaidi bila kuona. Kilo ya sukari ikiwa 3,000 robo utauziwa 800, robo nne ni 3,200, na kwa kilo 6 umeshaacha 1,200 kwa kitu kimoja tu, njoo kwenye mafuta ya kupima, mchele wa nusu nusu, unga wa kilo kilo, ndo ile hela unasema imeenda wapi. Na kila ukimtuma mtoto kwa mangi kuchukua robo sukari anarudi na kitu kingine cha mia tano. Mangi siyo adui lakini, mimi wa kwangu ananisaidia sana, ila nilifunga daftari la mkopo nikamwambia kwa uwazi mtoto wangu akija bila hela usimpe. Daftari ni baya kwasababu unakula hela ya mwezi ujao na mwezi ujao nao una siku zake 30.

Kwenye kununua kwa jumla kuna mambo ya kuangalia. Ukienda Tandale kwa nafaka utakuta bei nzuri kuliko mtaani, lakini toa nauli ya kwenda na bajaji ya kurudi na mzigo, ukikuta kilichobaki ni elfu mbili basi siku nzima umeipoteza bure, bora ununue karibu. Sisi majirani wanne tunaenda pamoja, bajaji moja, tunagawana nauli, na gunia la viazi tunagawana mlangoni kwangu kwa ndoo. Omba kupimiwa kwa mizani, kilo ni kilo, debe na sado zinategemea mkono wa anayejaza na wengine makopo yao yamebonyezwa chini. Angalia mizani kama ina stika ya Wakala wa Vipimo. Mimi niliwahi kununua kwa mtu mmoja mchele "kilo 25" nikaja kupima kwa jirani zikawa 22 na nusu, na siku hiyo sikuwa na risiti wala nilikuwa simjui, sikurudishiwa kitu.

Mchele mpya na wa zamani pia ni hesabu. Mchele uliotoka kuvunwa hauvimbi sana, unataka maji machache na kilo moja inashibisha watu wachache, wa zamani unakunywa maji na sufuria inajaa. Kwahiyo muulize muuzaji, na kabla ya kubeba mzigo nunua nusu kilo ukapike uone. Chenga ni rahisi zaidi na siyo aibu, kwangu chenga ndo inapika ubwabwa na vitumbua.

Kuhifadhi. Mchele na maharage ya mwezi ukiyaweka kwenye mfuko wa kiroba sakafuni unawaalika wadudu. Anika juani kwanza siku moja, maharage hasa, halafu weka kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, mimi naweka na pilipili kavu nzima ndani. Ndoo ziwe juu ya kitu zisigusane na sakafu. Halafu hapa kuna kitu nilikosea miezi ya mwanzo: watu wakiona ndoo imejaa mkono unakuwa mwepesi, wali unaongezeka, unabaki, unamwagwa. Kwahiyo sasa nagawa mwezi kwenye ndoo ndogo za wiki, ndoo ya jikoni inabeba ya wiki moja tu, kubwa ipo chumbani kwangu.

Sasa hela iliyobaki. 450,000 ukitoa 221,000 inabaki 229,000, hii ndo ya mboga, nyanya, vitunguu, nyama, samaki, matunda, vitafunwa. Naigawa elfu 50 kwa wiki, wiki nne ni laki mbili, siku mbili zinazobaki elfu 15, na 14,000 inakaa pembeni kwa mgeni au kitu kikipanda ghafla. Naitoa kwa wakala wa hela za simu mara moja kwa wiki, Jumamosi asubuhi, naiweka kwenye bahasha. Usitoe elfu tano tano kila siku, makato ya kutoa kidogo kidogo kwa mwezi yanaweza kununua dagaa wa wiki. Bahasha ikiisha Alhamisi, Ijumaa tunakula maharage yaliyopo stoo na matembele ya nyuma ya nyumba, sichomoi bahasha ya wiki ijayo. Wiki za kwanza ni ngumu, nilichomoa, na ndo nikajua ukichomoa mara moja mwezi umeharibika wote.

Sokoni nenda mara moja kwa wiki, mara mbili ikizidi. Nyanya nachukua kwa sado badala ya mafungu, lakini nachagua mchanganyiko, zilizoiva za siku mbili tatu, zenye wekundu nusu, na zile bado ngumu za kumalizia wiki, nazitandaza kwenye sinia moja moja zisilaliane. Masika ikinyesha sana nyanya zinapanda na zinaoza haraka, kipindi hicho napunguza sado naingiza nazi na karanga kwenye mboga. Ndizi za kupika tunaenda soko la Mahakama ya Ndizi Mabibo tunachukua mkungu tunagawana watu wawili. Vitunguu vinakaa hata mwezi ukiviweka pakavu penye hewa, kwahiyo hivyo nunua vingi vikiwa bei chini.

Nyama kilo moja kwangu inapika mara tatu na hakuna anayelalamika, kwasababu naikata vipande vidogo nikitoka nayo tu buchani, nagawa mifuko mitatu, mmoja na ndizi, mmoja na viazi au njegere, mmoja mchuzi wa wali Jumapili. Ukiiweka nzima kwenye friji utaipika nzima. Kuku shingo, miguu na firigisi vinatoa supu ya asubuhi peke yake. Samaki, kama una mtu wa kuongozana naye nendeni soko la Feri asubuhi mchange fungu la mnada mgawane, ila mwende na ndoo na barafu, jua la kurudi Kimara halina huruma. Na dagaa msiwadharau, kilo mbili za dagaa wa Mwanza waliokaushwa vizuri wanatembea mwezi mzima, ukiwaunga na karanga watoto wenyewe wanaomba.

Maharage loweka usiku. Mimi nachemsha kilo nzima Jumamosi kwa mkaa, nagawa kwenye makopo nagandisha, katikati ya wiki naunga tu, gesi ambayo ilikuwa inaisha siku 24 sasa inafika mwezi na siku kadhaa.

Naomba nikae kidogo kwenye vitafunwa vya asubuhi maana hapa ndo hela ilikuwa inavuja kuliko kote kwangu na hakuna aliyekuwa anaona. Andazi 200, watu sita, kila mtu mawili, ni 2,400 kwa siku. Kwa siku 30 ni 72,000! Hiyo ni zaidi ya mchele wote wa mwezi, nilipoiandika nilirudia hesabu mara tatu. Sasa hivi siku mbili viazi vitamu, siku mbili mihogo au magimbi, siku moja uji wenye karanga, na wikiendi ndo maandazi au chapati za nyumbani, zile ngano kilo 4. Wa kwanza kugoma alikuwa mtoto wangu wa kati, nikampa kazi ya kuchagua kesho tunakula nini kati ya vilivyopo, akatulia. Hela ya shule nayo, watoto watatu mia tano mia tano siku 22 ni 33,000, sikuikata ila niliitoa kabisa kwenye chakula, baba yao anaitoa kwenye fungu lake kwa makubaliano yetu.

Bei ikipanda ghafla punguza kilo za kitu hichohicho, usiguse vingine. Mwanzoni mwa 2024 sukari ilivyoadimika baada ya zile mvua za El Nino mpaka tukawa tunanunua elfu nne na zaidi, mimi nilishuka kutoka kilo 6 mpaka 4, chai ya jioni ikawa ya tangawizi sukari kidogo, bajeti ikakaa palepale. Na kinyume chake, mahindi, mchele na maharage yakiwa yanatoka shambani, kuanzia kama mwezi wa sita mpaka wa nane, ukipata hela ya pembeni ndo muda wa kununua ya miezi miwili mitatu. Kama una ndugu Mbeya au Kahama mtumie hela kipindi hicho akutumie gunia kwa basi, ila mlipe kazi yake ya kuhangaika na mzigo, undugu ukiugeuza bure mwaka wa pili hapokei simu. Ramadhani nayo ijulikane mapema, nazi, magimbi, tambi, tende, sukari vinaongezeka, mimi naanza kutenga elfu kumi kila mwezi miezi minne kabla.

Akija mgeni wa kukaa, kama mama mkwe alivyokuja wiki tatu mwaka jana, usijibane kimoyomoyo, mwambie mzee wa nyumba siku ileile kwamba sasa tuko saba, mchele utakuwa kilo 21 na unga 29, aone namba. Tangu nianze kuzungumza kwa kilo hatujagombana tena kuhusu hela ya meza, anaona kitu kinachohesabika.

Kila tarehe 28 usiku tunapima kilichobaki kwenye ndoo, mimi napima mdogo wangu anaandika. Mwezi huu mchele umebaki kilo mbili, maharage nusu, unga umeisha siku moja kabla. Kwahiyo mwezi ujao nanunua mchele 16, maharage 5 na nusu, unga naongeza kilo moja.