Kugawa hesabu za mkono wa roboti unaojirekebisha kati ya viini vinne

Mkono wa roboti wenye viungo sita hubadilika tabia kila unapobeba mzigo ambao uzito wake haumo katika hesabu zako. Kanuni ya watafiti Jean-Jacques Slotine na Weiping Li ya mwaka 1987 hukadiria uzito huo huku mkono ukiendelea na kazi, nasi tutaiendesha kwenye Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ambayo kichakataji chake kina viini vinne, yaani sehemu nne zinazoweza kukokotoa kwa wakati mmoja.

Hatua ya 1. Panga muda. Mzunguko wa udhibiti ukirudiwa mara 1,000 kwa sekunde, una milisekunde 1 tu ya kusoma vitambuzi, kukokotoa na kuamuru mota. Pima mzunguko uliochelewa kuliko yote. Wastani hauna faida hapa.

Hatua ya 2. Weka kerneli (kitovu cha mfumo endeshi) ya Linux yenye PREEMPT_RT, yaani marekebisho yanayopunguza ucheleweshaji wa kazi za haraka, kisha utenge kiini kimoja kifanye udhibiti pekee chini ya SCHED_FIFO, mpangilio unaoipa kazi hiyo kipaumbele juu ya kazi za kawaida. Kiini hicho hukokotoa nguvu za mota kwa mbinu ya Newton-Euler, ambayo hukokotoa mwendo na nguvu kipande kwa kipande, kikitumia makadirio ya karibuni.

Hatua ya 3. Viini vitatu vilivyobaki vipe kazi ya kukadiria, ambayo yaweza kwenda polepole zaidi, tuseme kila milisekunde 5. Kila kipande cha mkono kina vigezo 10 (uzito, kitovu chake na inesha, yaani ukinzani wake dhidi ya kuzungushwa), hivyo kwa vipande sita vyote ni 60. Kasi za vipande lazima zikokotolewe kwa mfuatano kuanzia kitakoni, lakini baada ya hapo safuwima za kila kipande, katika jedwali linaloonyesha jinsi kila kigezo kinavyoathiri nguvu za viungo, hazitegemei za kingine. Usigawe kwa kufuata namba tu: kipande cha 6 hugusa viungo vyote sita, ilhali cha 1 hugusa kimoja. Oanisha 1 na 6, 2 na 5, 3 na 4, ili mizigo ilingane.

Hatua ya 4. Usilinde makadirio kwa kufuli, yaani utaratibu unaoruhusu kiini kimoja tu kuyagusa kwa wakati mmoja. Niliwahi kufanya hivyo, kiini cha udhibiti kikawa kinasubiri zamu na mkono ukatetemeka. Tenga nafasi mbili za kumbukumbu: wakadiriaji wajaze moja na kuinua alama, naye mdhibiti ahamie huko mwanzoni mwa mzunguko wake.

Hatua ya 5. Zuia uzito usiwe hasi, na usimamishe ukadiriaji kosa linapokuwa dogo kuliko kelele za vitambuzi. Jaribu kwa mwendo wa taratibu, kwanza bila mzigo, halafu na chupa ya maji ya lita 1. Makadirio yakitofautiana na mizani usishtuke, kwani kanuni hii huahidi kwamba mkono utafuata njia uliyopangiwa, ila uzito halisi hupatikana pale tu mwendo unapovichangamsha viungo vya kutosha.