Mirija miwili ya baba
Baba alipotolewa tezi dume kwa roboti, alirudi wodini na mirija miwili. Usiichanganye. Katheta hutoa mkojo, hukaa yapata wiki. Ule wa ubavuni, wenye kimpira kama chungwa dogo, hunyonya majimaji ya tumboni.

Kuumwaga huu wa ubavuni: nawa mikono, fungua kizibo, mimina kwenye kikombe cha vipimo, binya mpira ubonyee, ufunge ukiwa bado umeubinya. Mimi nilisahau kubinya. Usiku kucha haukunyonya kitu. Andika mililita na rangi.

Majimaji yakiongezeka ghafla, mwite nesi: huenda mkojo unavuja pale kibofu kiliposhonwa. Kuhakikisha, maabara hupima kreatinini, taka ya mwili iliyo nyingi kwenye mkojo, ndani ya majimaji yenyewe.

Siku hizi madaktari wengi hawauweki mrija huu wa ubavuni kwa kila mgonjwa, mshono ukiwa haujavuja. Muulize wako kabla ya upasuaji.